Fundi na Mtu wa Mkono: Mwendo wa Prosesa na Memori Katika Kompyuta ya Kikundi

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani halingeletwa katika semina ya vikundi. Tumezoea habari ya kuku, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Lakini siku hizi vikundi vingi vina kompyuta ya mezani, kwa kawaida ile iliyotumika ofisini ng'ambo ikaletwa kuuzwa hapa kwa bei nafuu. Na penye kompyuta na vijana, ubishi haukosi. Vijana wanasema mashine inaweza kukimbizwa iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani, bila kununua chochote. Wenyewe wanaita ovakloki. Mweka hazina naye anasema: humo ndani kuna mikopo ya wanachama wote, msiiguse! Sasa nani ana haki?

Kila mmoja ameshika ukweli fulani. Kukimbiza kompyuta si uchawi wala si uongo, watu wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Lakini hesabu za watu nazo si mchezo. Kwa hiyo hebu tufungue mashine tuone kilichomo, halafu kila kikundi kiamue kwa akili yake.

Mnajua mjengo ulivyo. Kuna fundi anayepanga mawe, na kuna mtu wa mkono anayekoroga simiti na kumletea kwa karai. Katika kompyuta, prosesa ndiyo fundi. Memori, ile RAM, ndiyo mtu wa mkono. Diski ni kama duka la hadwea la mjini: vitu vyote viko huko, lakini ni safari. Tena ndani ya prosesa yenyewe kuna memori ndogo sana yenye kasi, kama karai iliyo miguuni pa fundi. Simiti ikiwa bado imo kwenye karai, fundi hamngojei mtu. Ikiisha, anasimama na kuita.

Sasa, ukimpa fundi chai nzito akaanza kupanga mawe mbio mbio, na mtu wa mkono ni yule yule na mwendo wake ni ule ule, nyumba itaisha haraka kiasi gani? Tufanye hesabu. Tuseme vijana wanatengeneza video ya harusi na kazi inachukua dakika 60. Tuseme tena kwamba katika hizo, prosesa inafanya kazi dakika 30, na dakika 30 nyingine imesimama ikingojea memori. Mkiongeza mwendo wa prosesa kwa robo, zile 30 za kwanza zinakuwa 24. Zile za kungoja zinabaki 30. Jumla 54. Mmeongeza robo nzima mkapata dakika sita tu. Lakini mkiongeza na mwendo wa memori kwa robo, zote mbili zinakuwa 24, jumla 48. Hapo ndipo neno la kulinganisha linapotoka. Kumkimbiza mmoja na kumwacha mwenzake ni kulipa bei nzima kwa nusu ya mali.

Si kazi zote zinazogawanyika hivyo, lazima tuseme. Kuna kazi zinazotosheka na lile karai dogo, hizo hupenda prosesa. Kuna nyingine zinazochota memori kila mara. Na kupiga chapa barua ya kikundi hakungoji prosesa wala memori. Hapo mashine inakungojea wewe utafute herufi.

Haya, mwendo huo unapandishwaje? Mnapolima shamba la kikundi pamoja, mmoja huanzisha wimbo, na majembe yote yanainuka kwa mapigo yake. Kompyuta nayo ina mapigo ya msingi yanayotoka kwenye madabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vitu vyote. Prosesa huchukua mapigo hayo na kuyazidisha kwa namba fulani. Memori nayo huyachukua kwa kiwango chake. Ni kama baiskeli ya gea: miguu inakanyaga mara moja, gurudumu linazunguka mara kadhaa, kulingana na gea uliyoweka.

Mfano unaojulikana sana ni wa mwaka 1998. Kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei ya chini iliyoitwa Celeron 300A. Mapigo ya msingi yalikuwa megahezi 66, yaani mapigo milioni 66 kwa sekunde, na kizidishi kilikuwa nne na nusu. Zidisha upate 300. Watu wakagundua kwamba ukiweka mapigo ya msingi kuwa 100, prosesa ile ile inakwenda 450, na nyingi zilikubali bila kulalamika. Lakini katika madabodi za wakati ule zilizopendwa kwa kazi hiyo, memori haikuwa na gea yake. Ilifuata wimbo moja kwa moja. Mwenye memori ya zamani ya megahezi 66 alipoinua wimbo hadi 100, mtu wa mkono alianguka njiani na karai lake. Ilibidi awe na memori iliyotengenezwa kwa 100. Hata vitu vingine vilivutwa na wimbo huo huo. Walioweka mapigo ya katikati kama 83 mara nyingi walikuta njia ya kadi na diski nayo inakwenda juu ya kiwango chake, na wengine waliharibu yaliyoandikwa kwenye diski zao bila kujua kwa nini.

Baadaye zikaja madabodi zenye gea kwa memori pia. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mkielewa mfano huu mmoja mmeelewa jambo lote. Mwaka 2007 Intel ilitoa Core 2 Quad Q6600, na mashine za aina hiyo bado zinaonekana huku na huku. Mapigo ya msingi ni 266, kizidishi 9, mwendo gigahezi 2.4. Memori yake mara nyingi ni ile iitwayo DDR2-800. Hiyo namba 800 isiwachanganye: mapigo yake halisi ni 400, ila kila pigo linabeba mzigo mara mbili, wa kwenda na wa kurudi.

Kiwandani gea ya memori imewekwa mbili kwa tatu, ili wimbo wa 266 umpe mtu wa mkono 400 zake. Kijana anakuja, anapandisha wimbo hadi 333. Prosesa, mara 9, inafika karibu gigahezi 3.0. Anafurahi. Lakini amesahau gea ya memori. Mbili kwa tatu ya 333 ni 500, yaani memori ya 800 inalazimishwa kwenda 1000. Mashine inazimika, au haiwaki kabisa, na wote wanasema prosesa imekataa. Prosesa haikukataa! Aliyeshindwa ni mtu wa mkono, na hakuna aliyemtazama.

Dawa yake ni kubadilisha gea ya memori iwe tano kwa sita. Hapo 333 inatoa 400 kamili, memori inakwenda mwendo wake wa kawaida, na prosesa imepata robo zaidi. Njia nyingine ni kushusha kizidishi kuwa 8 na kupandisha wimbo hadi 400, gea moja kwa moja. Prosesa inafika 3.2 na memori iko kwenye 400 yake, wote wanaimba wimbo mmoja. Hiyo ya pili ni nzuri zaidi kwa karatasi, lakini inaitaka madabodi yenye nguvu na upozaji mzuri, na si kila mashine itaiweza.

Sasa tuseme ukweli ambao vijana hawataupenda. Nyingi za mashine mlizonunua haziwezi kukimbizwa. Kuanzia mwaka 2011 Intel iliyafunga mapigo ya msingi kwenye 100, yakaungana na vitu vingine vingi hata hayasogei ila kidogo sana. Kizidishi nacho kwa kawaida kimefungwa, isipokuwa hasa kwa prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina, kama i5-2500K. Zile zilizotoka ofisini, kwa mfano i5-4570 au i5-6500, hazina herufi hiyo. Na hata ungeitoa prosesa ukaweka yenye K, madabodi ya ofisi haina ukurasa wa kubadilisha. Prosesa za AMD zinazoitwa Ryzen, zilizoanza mwaka 2017, kwa jumla hazikufungwa, lakini nazo zinataka madabodi inayoruhusu, na zile za bei ya chini kabisa haziruhusu. Kwa hiyo kabla hamjagombana kikaoni, someni kwanza jina la prosesa yenu. Huenda mnagombania ng'ombe asiye na maziwa.

Kwa wenye Ryzen kuna neno moja zaidi. Ndani yake kuna barabara inayounganisha sehemu za prosesa, na barabara hiyo hupenda kwenda sawa na memori. Katika zile za mwaka 2019, memori ya DDR4-3600, yenye mapigo halisi 1800, inakwenda sawasawa na barabara yenye 1800. Ukinunua memori ya kasi sana kupita hapo, kwa kawaida mashine hukata mwendo wa upande mmoja kuwa nusu ili ziweze kuelewana, na kila ombi linachelewa zaidi. Umelipa zaidi ukapata pungufu. Wauzaji hawatawaambia hilo.

Wala msinunue memori kwa kuangalia namba kubwa peke yake. Kuna namba nyingine ndogo, CL, inayoonyesha memori hungoja mapigo mangapi kabla ya kujibu. DDR4-3200 yenye CL16: gawanya 16 kwa mapigo halisi 1600, unapata nanosekunde 10. DDR4-3600 yenye CL18: 18 kwa 1800, ni 10 vile vile. Huyu anatembea haraka, lakini anachelewa kuanza. Faida ya 3600 iko kwenye wingi wa mzigo, si katika kuitika. Na DDR4-3200 yenye CL22 ni karibu nanosekunde 14, ijapokuwa kwenye sanduku imeandikwa 3200 kama ile ya kwanza.

Na hapa kuna habari njema kwa wenye mashine za ofisi. Memori mbili zinazofanana, zikiwekwa katika nafasi zake sahihi, hubeba mzigo kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Memori moja ya zamani ya DDR3-1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Mbili pamoja ni 25.6. Hiyo ni sawa kabisa na memori moja mpya ya DDR4-3200! Mashine nyingi za mitumba zinauzwa zikiwa na memori moja tu. Ongezeni ya pili. Mmempa fundi watu wa mkono wawili, bila kubadilisha mapigo, bila joto, bila hatari. Tena ikiwa mna gigabaiti 4 tu, memori ikijaa kompyuta huanza kutumia diski badala yake, ni kama mtu wa mkono anaenda mjini kwa kila karai. Diski ya SSD hujibu mara nyingi sana kuliko ile ya kuzunguka. Kwa maoni yetu, kikundi kisifikirie kukimbiza prosesa kabla ya kufanya hayo mawili.

Tuje kwa mweka hazina na hofu yake. Prosesa ikizidiwa, mara nyingi mashine huganda au hujizima, na mnaona. Memori ikizidiwa kidogo tu, huenda msione kitu. Inageuza alama moja katikati ya mamilioni na kazi inaendelea. Kompyuta huandika namba kwa kujumlisha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Namba 5,000 ni 4,096 na 512 na 256 na 128 na 8. Programu iliyoandika namba hiyo hivyo, alama ya 4,096 ikizimika, inasoma 904. Mama aliyeweka shilingi 5,000 anaonekana ameweka 904. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kuandika. Lakini hebu fikirini kikao hicho cha mwisho wa mwezi kitakavyokuwa, na nani atakayeshukiwa kwanza. Vikundi vimevunjika kwa chini ya hapo. Kosa la namna hiyo linaweza kutokea mara chache sana, ndiyo, lakini mkiipandisha memori bila kuipima mnalikaribisha nyumbani.

Kwa hiyo tunashauri hivi, na hapa hatulegezi: mashine inayoweka hesabu za mikopo isikimbizwe. Ikiwa mashine ni moja, mchana ni ya mweka hazina na usiku ni ya video za harusi, basi iacheni katika mwendo wa kiwandani mpaka vijana wapate yao. Kikundi chenye mbili, ya vijana ikimbizwe, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mali ni ya wote, haifai mtu mmoja aamue saa nne usiku.

Kuna na stima. Joto la prosesa hupanda pamoja na mwendo, lakini hupanda zaidi na volti, kwa sababu volti huzidishwa kwa yenyewe. Mkiongeza mwendo kwa sehemu moja ya tano na volti kutoka 1.2 hadi 1.35, matumizi yanakuwa kama mara moja na nusu. Prosesa ya wati 95 inakula karibu 144. Ikifanya kazi nzito saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kama uniti 13 zaidi za tokeni. Wenye sola na betri mfikirie mara mbili. Pia vile viwanda haviheshimu dhamana ya prosesa iliyokimbizwa, ingawa kwa mitumba hilo halina uzito.

Watakaoamua kujaribu, waanze na brashi. Vumbi letu jekundu hujaa katika feni na chuma cha kupozea, na prosesa ikipata joto sana hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Tungependa kuamini kwamba nusu ya mashine zinazoitwa nzito ni chafu tu. Zimeni, chomoeni waya, shikeni feni isizunguke, mpanguse, na ile dawa nyeupe au ya kijivu kati ya prosesa na chuma ikiwa imekauka, mpake mpya.

Kisha nakilini kila kitu cha maana kwenye flashi mbili na mziweke mbali na mashine. Mjaribu prosesa peke yake kwanza: shusheni gea ya memori iwe chini ya kiwango chake, ili mashine ikianguka mjue si memori. Pandisheni kidogo kidogo, kila mara mkiipa kazi nzito kwa muda mrefu na kuangalia joto. Sisi tungeacha hapo joto linapokaribia digrii 80. Mkipata mwendo unaokaa, uandikeni, mrudishe prosesa kiwandani, halafu mjaribu memori peke yake. Programu ya MemTest86+ ni ya bure, huwashwa kutoka kwenye flashi, na inafaa iachwe usiku kucha. Kosa hata moja tu, mwendo huo haufai. Msiseme "ni moja tu". Mwisho ndipo mnaunganisha hizo mbili, na mnapima tena, kwa sababu mambo mawili yaliyokubali kila moja peke yake yanaweza kukataa yakiwa pamoja.

Memori nyingi za DDR4 zenye kasi zimeandikiwa ndani yake mwendo ulio tayari, unaitwa XMP. Ukiuwasha unaenda kwa volti 1.35 badala ya 1.2. Hiyo ndiyo njia rahisi kwa anayeanza, lakini nayo ni kukimbiza, na nayo ipimwe usiku kucha kama nyingine.

Mashine ikikataa kuwaka kabisa, msikimbilie fundi wa mjini. Chomoeni waya wa stima, toeni ile betri ndogo kama sarafu iliyo kwenye madabodi, ngojeni dakika chache, irudisheni. Itasahau yote mliyoiambia na kuamka na mwendo wa kiwandani. Namba zote mlizojaribu, zilizokubali na zilizokataa, ziandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, na karatasi hiyo ibandikwe upande wa ndani wa kifuniko cha mashine, ili kijana atakayeifungua mwakani ajue wenzake walifika wapi.